Kitenge cha Kijivu Kilichomo Sandukuni Mwako

Kambi ya barabara, Mugunga
Jumapili, baada ya misa

Domitila binti yangu,

Kambale ameegesha lori lake karibu na rundo la kokoto. Anasema ataondoka kwenda Goma kivuli cha bohari kikigusa tairi la mbele, na hatangoja zaidi, kwa sababu taa yake moja imekufa na barabara hii ya mawe haina huruma. Barua hii itakwenda naye mpaka kwa shangazi yako kule Murara, au haitakwenda kabisa. Kesho asubuhi wewe utakuwa kwenye meli ya Bukavu, na mimi nitakuwa hapa nikiitika jina langu mbele ya kapita, msimamizi wetu wa kazi. Niliomba ruhusa nije kukuaga. Akaniuliza mbele ya watu, "Muzee, na haya mawe nani atayaaga?" Watu walicheka. Na mimi nilicheka, maana ukimnunia kapita huyu anakupa nyundo kubwa.

Habari za sabuni, za viatu, za namna ya kusalimu masera, wale watawa wa kike wa shule, shangazi yako amekwisha kukuambia mara kumi. Sitazirudia. Mimi nataka kujibu swali lako.

Jumapili iliyopita ulikuja hapa na daftari, ukakaa kwenye kizingiti, ukasema, "Papa, masera ametupa kazi ya kuandika. Kila mutu aandike filimu yenye anapenda kupita zote, na yenye wazazi wake wanapenda. Ya kwako ni gani?" Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nilikitupa ukutani. Kisha nikasema, "Andika kwamba papa yako hana wakati wa michezo," nikatoka nje. Nilipogeuka nilikuona umeinama unakiokota. Kikombe ni cha bati, hakikuvunjika, lakini sasa kina kibonyeo ubavuni, na kila asubuhi midomo yangu inakikuta.

Hukuniuliza kosa lako ni nini. Hukuwa na kosa.

Kabla hujafunga sanduku lako, soma mpaka mwisho. Humo ndani umeweka kitenge cha kijivu cha mama yako. Shangazi aliniambia umekiweka juu kabisa, juu ya nguo zote, ili kisikunjamane. Barua hii ni habari ya kitenge hicho pia. Naandika polepole, wewe unajua. Nilisoma miaka mitatu tu kwa katekista wa Jomba kabla sijashuka kutafuta kazi, na mkono uliozoea nyundo unaibana kalamu kana kwamba kalamu itakimbia. Nivumilie.

Ulipokuwa mtoto wa miezi mitano, mgongoni, alikuja hapa kambini mzungu mmoja mwembamba mwenye kaptura na mashine ya kupigia picha za sinema. Bwana wa kazi alimtaka aonyeshe namna sisi wavunja mawe tunavyoishi vizuri. Waliniita mimi nishike mwavuli juu ya mashine, isipigwe na jua. Nilisimama hivyo tangu saa nane mchana mpaka jua likawa chini nyuma yetu. Mikono ilikufa ganzi. Akapiga picha nyundo, akapiga picha supu, akapiga picha kapita akiwa amevaa shati la kuazima. Mwishowe akataka mwanamke anayetoka nyumbani na besani ya nguo, na macho yake yakamwangukia mama yako, Agata.

Akampitisha mara tatu. "Tena," anasema. Agata anarudi, anatoka tena na besani kiunoni na wewe mgongoni. Mara ya tatu aligeuka upande wetu, akaziba mdomo kwa mkono, akacheka. Mzungu akafurahi sana. Akampa mkebe mtupu wa filimu, ule mviringo, unaong'aa kama sahani ya kanisani.

Domitila, mimi nilikuwa mtu wa wivu. Shangazi yako hatakuambia, kwa sababu ni dada yangu. Nilipofika nyumbani niliuchukua ule mkebe nikautupa kwenye mawe.

"Ulikuwa unamchekea nani?"

"Weye! Nimuchekee nani mwingine? Ulisimama na ule mwavuli juu ya mashine kama unabeba Sakramenti. Nikasema, leo muzee amekuwa padri."

"Usinidanganye."

"Basi," akasema, "kama hutaki, nimemuchekea mashine." Akaenda kwenye mawe, akautafuta mkebe mpaka akaupata, akautia chumvi.

Hatukupigana. Ingekuwa afadhali. Nilinyamaza, nikadhani kunyamaza ni nguvu. Siku zilipita, tukaongea habari za kuni na za mahindi, nikacheka naye mambo mengine, lakini lile neno sikulirudisha. Ndani yangu nilikuwa nimekwisha kumwamini nusu. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia. Wewe ulipokuwa na mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa siku ya Alhamisi, na Jumatatu tulimzika, amefungwa katika kitenge chake. Kilikuwa chekundu, Domitila. Chekundu chenye ndege weusi. Hakuwa na kitenge cha kijivu hata siku moja.

Kambale amepita hapa dirishani. "Muzee, unaandika Biblia?" Nimemwambia bado kidogo. Ametazama kivuli cha bohari, ametazama tairi, amekwenda kumalizia ndizi yake.

Sasa nitakuambia kijivu kilitoka wapi.

Miezi michache baada ya mazishi ilikuja gari ya sinema. Mwenye kuisemea alikuwa Anaklet, kijana wa Bukavu mwenye sauti kubwa, anayesimama kando ya shuka jeupe na kueleza kila kitu kwa Kiswahili, hata yale asiyoyajua. Walileta filimu tatu. Moja ya watoto na sabuni. Moja ya mzungu mnene ambaye baiskeli yake inamtoroka mlimani naye anaikimbilia, anapita katikati ya kuku, katikati ya arusi, mpaka ziwani. Na ya tatu ilikuwa ya kambi yetu.

Hakuna aliyenionya. Nilikuwa nimesimama na wengine, namcheka kapita na shati lake la kuazima, na mara mlango wa nyumba yangu ukafunguka juu ya shuka. Akatoka. Besani kiunoni, na kile kitenge chekundu kimekuwa kijivu, maana filimu ile haikuwa na rangi. Akageuka, akaziba mdomo, akacheka, na hakuna sauti yoyote ila ile mashine inayokereza. Na Anaklet, ambaye hakumjua, akapaza sauti: "Huyu ni Maria, muke wa mufanyakazi hodari! Anafurahi sababu bwana yake hanywi pombe!"

Watu wa kambi walimjua Agata. Kwanza walishika vichwa. Kisha mmoja akaita, "Rudisha!" na wote wakaita, "Rudisha! Rudisha!" Anaklet akarudisha. Tangu siku hiyo, gari ikija, filimu hiyo ndiyo ilikuwa filimu yao. Wanaume waliokuwa wamewaacha wake zao Masisi na Rutshuru walimngoja Maria. Walimpigia mluzi. Wengine walimjibu kicheko chake. Sidhani walikuwa na ubaya. Lakini mimi niliona wanaume sitini wanachekewa na mke wangu kila gari ilipokuja, na kati ya hao sitini sikujua kama mimi nimo.

Kwa hiyo nilikuwa nakwenda kukaa nyuma ya shuka. Huko hakuna anayekuona. Picha inapita upande wa pili pia, ila kila kitu kimegeuzwa, na zile mbao zilizoshikilia shuka zinaficha sehemu ya chini. Nilimwona Agata kuanzia magotini kwenda juu, besani upande usio wake. Nilikaa huko na wewe mapajani, ukiwa na miaka miwili, miaka mitatu. Ukinyoosha mkono ulikuwa unaweza kumgusa. Uligusa. Shuka lilitikisika, na wale wa mbele walidhani ni upepo.

Unaona sasa ninachotaka kusema, na mkono wangu haukitaki.

Ile kumbukumbu yako, ile unayomsimulia kila mtu, kwamba mama alisimama mlangoni na kitenge cha kijivu, akageuka, akacheka bila sauti akiziba mdomo, na wewe ukasema "alikuwa na adabu hata kicheko chake hakikusikika": hiyo ni filimu, mwanangu. Mama yako alikuwa anacheka mpaka kuku wanaruka. Ulikuwa mdogo mno kumkumbuka. Ulichokumbuka ni shuka.

Ulipokuwa na miaka saba ulianza kukililia hicho kitenge. Shangazi alikuambia hakikuwepo, ukamwita mwongo, ukakataa kula siku mbili. Nikaenda dukani nikanunua kitenge cha kijivu. Nilikifua kwa mawe ya kandokando ya ziwa, nikakianika juani wiki nzima, nikakifua tena, mpaka kikachakaa. Nikakuletea nikasema, "Hiki hapa, kilikuwa chini ya kitanda changu." Ulikinusa. Ulisema kinanuka mama. Nilitoka nje nikaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Nilidhani nakupa kitu. Sasa naona nilikuwa nakilipia kile nilichokupokonya, na hicho bado sijakuambia.

Ulikuwa karibu na miaka minne. Bwana wa kazi alikusanya kambi akasema mashine moja ndogo ya sinema itabaki hapa Mugunga kwa ajili yetu, pamoja na filimu moja. Zile nyingine mbili zitarudi Bukavu, na hazitakuja tena. Sisi wenyewe tuchague. Akaweka besani tatu mezani, mbele ya kila moja karatasi iliyochorwa: sabuni, baiskeli, nyumba. Kila mtu achukue kijiwe cheusi, apite, atie katika besani ya filimu anayoipenda kupita zote.

Swali lile lile la masera wako.

Kambini tulikuwa na desturi. Hapa tumekutana watu wa kila mlima, kila mmoja na namna yake ya kulia wafu, basi tulipatana jambo moja tu: mwenye msiba hutangulia. Kwenye maji, kwenye chakula, kwenye lolote, yeye kwanza, na hakuna anayempinga. Sikuwa nimeoa tena, kwa hiyo waliendelea kunihesabu mtu wa msiba. Kapita alikuwa wa kwanza kwenye mstari, akatoka mwenyewe, akasema, "Ntamuhanga apite mbele. Ni muke wake."

Nikaenda na kijiwe changu. Nikaitazama ile nyumba iliyochorwa. Nikawaza: nikitia hapa, watamcheka kila Jumamosi mpaka nife. Nikawaza: watasema Ntamuhanga hawezi kulala bila shuka. Nikatia katika besani ya baiskeli. Kiligonga bati, ndo.

Nilidhani ni kijiwe kimoja. Wako wengi, watachagua wanachotaka, mimi nitakuwa nimetunza heshima yangu na filimu itabaki. Ndivyo nilivyohesabu, sikufichi. Nilitaka ibaki, na nilitaka isibaki kwa mkono wangu.

Wa pili akapita. Ndo, baiskeli. Wa tatu, baiskeli. Sebuhoro, rafiki yangu, aliyeipenda filimu ile kuliko wote, nilimwona anainua mkono juu ya nyumba, ananitazama, anauhamisha. Baiskeli. Nilisimama pale nikisikia vijiwe vinaanguka mahali pamoja kama mvua ya mawe juu ya paa. Ningeweza kusema neno. Hata kukohoa tu. Sikusema.

Nilimuuliza Sebuhoro baadaye. "Tulikufuata weye," alisema. "Mutu wa msiba anajua kidonda chake. Tulisema, kumbe tulikuwa tunakuumiza siku zote hizi, na wewe hukutuambia."

Walinifanyia heshima, Domitila. Heshima ndiyo iliyomwondoa mama yako kambini.

Jioni ile Anaklet alionyesha zote tatu mara ya mwisho. Mimi nilitaka kwenda nyuma kama kawaida, lakini wewe ulinivuta kidole. Ulitaka kukaa mbele na watoto. Nikakaa mbele mara ya kwanza tangu ile siku. Kwa ajili yangu hakuna aliyepiga mluzi. Mlango ukafunguka. Wewe ukasimama juu ya mapaja yangu ukaita, "Mama!" Anaklet hakusema Maria. Aligeuka akatutazama, mimi na wewe, na nadhani ndipo alipofahamu.

Na mimi nikaona sehemu ya chini ya shuka, ile ambayo mbao zilinificha. Nitakuambia niliona nini, lakini mwisho.

Nilimkimbilia Anaklet akiwa anafunga mikebe yake. "Ndugu, niachie hii moja. Chukua ile ya baiskeli."

"Siwezi, muzee. Ninyi wenyewe mulichagua." Akanionyesha ile besani ya nyumba. "Ona. Hata kijiwe kimoja." Ilikuwa tupu na safi, kama haijawahi kutumika. Hakuwa mkatili, alikuwa anaogopa kazi yake, nami niliielewa hofu hiyo kwa sababu nimeishi nayo. Gari ikaondoka asubuhi. Tangu hapo tumeiona ile baiskeli ikitumbukia ziwani mpaka filimu imechanika. Watu bado wanacheka. Mimi naweza kukuambia kila kuku anayerukwa.

Kwa nini nakuambia leo, saa hizi, wakati ningeweza kukuacha uende na kitenge chako? Mwezi uliopita Anaklet alipita hapa. Amenenepa, ana mvi. Alisema filimu zote za upande wetu sasa ziko Bukavu katika kabati la shule ya masera, na wanafunzi wa bweni wanaonyeshwa Jumapili. Shule yako. Nilimuuliza kama ya kambi yetu imo. Alisema, "Imo, kama panya hawajaila."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Nakuona umekaa kwenye benchi katikati ya wasichana usiowajua, na mlango unafunguka. Unaona kitenge cha kijivu kinatembea mbele yako. Mtu anasema, "Huyu ni Maria." Na wewe unafahamu yote kwa mara moja, kwamba ulichonacho ni filimu, na kitenge cha sandukuni ni cha dukani, na papa alijua. Unafahamu peke yako, gizani, na kuna msichana kando yako anacheka. Ndiyo maana nilitupa kikombe. Uliniuliza swali kwa sauti ile ile ya besani tatu, na mimi ni yule yule, nikafanya kile kile.

Sina mafundisho mengi. Hili moja nimelilipia: ukimwamini mtu baada ya kumshuku, mwambie siku hiyo hiyo, hata kama ameshika sufuria, hata kama unaona aibu. Mimi nilingoja siku nzuri. Na watu wakikupisha utangulie, usidhani unachagua peke yako. Wanakutazama mkono.

Kambale anapiga honi. "Muzee! Kivuli kimefika kwenye tairi!" Nimemwambia kivuli cha bohari ni kirefu kuliko saa yake. Ananitukana, lakini amezima tena injini.

Nimeinua karatasi hizi mara mbili nizichane. Ukizisoma, sijui kama utaniandikia kutoka huko. Usipotaka, usiandike. Kitenge ukikiacha kwa shangazi sitauliza. Ukikichukua pia sitauliza. Lakini jikoni kwa shangazi, nyuma ya mafuta ya mawese, kuna mkebe wa bati wa mviringo wenye chumvi, ule unaokatazwa kuuchezea. Mimina chumvi, uuchukue. Una alama upande mmoja pale nilipoutupa kwenye mawe. Huo aliushika yeye kwa mkono wake mpaka siku alipougua.

Na kama Jumapili moja mlango unafunguka kwenye shuka, usikimbie. Wakimwita Maria, wewe sema Agata, kwa sauti, hata masera akikukemea. Usimtazame uso tu kama nilivyofanya mimi. Kwanza tazama ubavuni kwake anapogeuka: kuna mguu mdogo unatoka kwenye kitenge, vidole vimekunjwa. Ni wewe. Kisha tazama macho yake. Hayaitazami mashine. Yanapita kando ya mashine kidogo, upande wa kushoto. Kisha teremsha macho, upesi, kwa sababu haikai muda mrefu. Jua lilikuwa chini nyuma yetu, nilikwisha kukuambia. Mbele ya mlango, kwenye vumbi, kuna kivuli kirefu cha mtu aliyeinua mwavuli, na kichwa cha kivuli kimefika miguuni pa mama yako, naye anamtazama mwenye kivuli hicho na anacheka.

Andika hiyo katika daftari lako. "Papa yangu anapenda hiyo kupita zote."

Papa yako,
Ntamuhanga